Taa ya Mtu na Puto

Mkaguzi alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Aliingia kwenye gari la Baba Pacha, hakutazama matairi, hakufungua boneti, akaliwasha tu na kukodolea macho dashibodi. Taa zote zikawaka, kisha zikaanza kuzimika: ya mafuta, ya betri, ya breki. Ikabaki moja. Ilikuwa ndogo, nyekundu, yenye picha ya mtu aliyekaa na kitu cha duara mbele ya kifua, utadhani amepakata tikiti maji. Mkaguzi akaisubiri. Baba Pacha, amesimama nje huku ameshika mlango, akaisubiri naye. Taa haikuwa na haraka yoyote.

Mkaguzi akachukua kalamu nyekundu.

"Eabegi," alisema.

"Mkuu, gari linatembea vizuri kabisa."

"Sijauliza kama linatembea."

Baba Pacha alijua eabegi ni nini, kama tunavyojua sote: lile puto linalojificha ndani ya usukani, gari likigonga linafumuka kufumba na kufumbua na kuupokea uso wa dereva kabla usukani haujaupokea. Alijua pia kwamba hospitali ilikuwa inatafuta magari sita ya kuwabeba wauguzi wa zamu; alichokuwa hajui ni kwamba kwenye fomu yao hicho kilikuwa kipengele cha kwanza, kabla ya breki. Nyuma yake walipanga foleni madereva wengine kumi na wawili. Mmoja alichungulia dirishani, akaiona taa, akawaambia wenzake kwamba huyo mtu wa kwenye taa ni mjamzito, wamwache ajifungue salama. Walicheka. Baba Pacha naye alicheka, maana mtu akichekwa mbele za watu na yeye asicheke, anaonekana ana roho mbaya.

Alipewa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akija na taa, asije. Asubuhi mlinzi wa getini alikuwa amemwita bosi na kumpigia saluti. Wakati wa kutoka alimsimamisha na kumwambia afungue buti, aangalie kama hajabeba kitu.

*

Nyumbani hakukuhitajika uchunguzi. Mkosaji alikuwa anajulikana.

Wiki moja kabla ya ukaguzi, Mama Pacha, ambaye ni fundi cherehani na mikono yake haijui kukaa bure, alikuwa ameamua kulipendezesha gari. Ilikuwa zawadi. Mumewe alikuwa mtunza stoo mpaka stoo ilipofungwa, na kwa miezi kumi na moja alikuwa amekaa nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Gari lilinunuliwa kwa akiba ya wote wawili ili apate pa kwenda asubuhi. Basi Mama Pacha alishona makava ya viti, ya kijivu yenye mshono mweusi, na kwa sababu hapendi kazi ya kubabaisha, aliazima spana kwa jirani, akafungua bolti nne za kiti cha dereva, akakichomoa, akakivalisha kama anavyomvalisha mteja, kila kona imekaa. Chini ya kiti alikuta plagi ya njano. Akaichomoa, akaikumbuka, akairudisha. Usukani nao aliushonea kava kwa mkono, sindano na uzi uliopakwa nta, akivuta kila mshono kwa nguvu zote mpaka vidole vikaota malengelenge.

Kesho yake taa ikawaka.

"Uliichomoa ile plagi?" Baba Pacha aliuliza siku ile aliyorudi kutoka kwenye ukaguzi. Alikuwa ameshauliza mara tatu wiki hiyo.

"Niliichomoa, nikairudisha."

"Nani alikwambia gari ni gauni?"

Pacha wao, wasichana wa miaka tisa, waliinua vichwa kutoka kwenye madaftari, wakaangaliana, wakainama tena. Mama Pacha alikuwa na pini mdomoni, na pini mdomoni ni kitu kizuri sana katika ndoa.

*

Fundi umeme wa magari alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyejulikana kwa jina la Waya. Miwani yake aliifunga kwa mpira kuzunguka kichwa, na kompyuta yake ya kupimia, kadude ka kutosha kiganjani, aliilaza kwenye taulo safi kuliko lile la kujifutia uso. Aliichomeka chini ya dashibodi, akasoma, akauliza ni nani alifungua kiti. Baba Pacha alimgeukia mkewe, ambaye walikuja pamoja. Na vijana wote pale gereji nao wakamgeukia.

Waya akaingia chini ya kiti, akaisafisha ile plagi ya njano, akaikaza kwa kamba ya plastiki, akafuta kumbukumbu ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Taa ikazimika. Baba Pacha alilipa na njia nzima alipiga mluzi. Walipofika nyumbani alisema neno moja tu, kwamba kuanzia leo kila mtu abaki na kazi yake.

Jumapili walikuja wageni. Alikuja kaka mkubwa wa Baba Pacha, mtu wa kukaa kwenye kiti kikubwa bila kukaribishwa, na alikuja mdogo wake Mama Pacha, dalali wa magari, ambaye mjini walimwita Sukari kwa sababu ya ulimi wake. Huyu Sukari ndiye aliyewauzia gari lile, kwa bei ya undugu, na tangu siku hiyo Baba Pacha alikuwa akimwita shemeji kwa sauti ya mtu anayemwita daktari.

Baba Pacha aliwasimulia kisa. Alisimulia vizuri, maana sasa kilikuwa kimepita na kiliweza kuchekesha: mwanamke na spana, kiti katikati ya sebule kimevalishwa kama bibi harusi, plagi, taa, mtu mwenye mimba. Kaka mkubwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema wasishangae wakiamka kesho wakikuta matairi nayo yamepigwa pindo. Mama Pacha alikuwa anapita na sinia. Alicheka pamoja nao.

Aliyecheka kuliko wote ni Sukari.

"Dada," alisema, huku akijifuta machozi, "mambo ya umeme waachie wenyewe. Hasa usukani, usiuguse kabisa. Kaa na cherehani yako."

Wakati anaondoka alipita kwenye kona ya cherehani, kama kawaida yake, akaomba mfuko wa vipande vya vitambaa vya kufutia magari. Mama Pacha alimpa.

*

Jumatatu taa ikarudi. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena kwenye tuta, ikakaa.

Baba Pacha hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Jumanne asubuhi alilipeleka gari kwa Waya, akamkabidhi mkewe ufunguo mbele ya fundi na kusema yeye anakwenda hospitalini kupeleka vyeti, asije akakosa na hilo pia. "Kaa na gari lako," alimwambia. Akaondoka kwa miguu, shati limepigwa pasi, bahasha kwapani.

Waya alichomeka kompyuta tena. Safari hii alisoma kwa muda mrefu zaidi, akavua miwani, akaivaa. Alisema plagi ya kiti haina kosa. Hitilafu iko kwenye usukani. Alichomoa waya wa betri, akaangalia saa, akamwambia Mama Pacha wasubiri dakika kumi umeme uliobaki ufe, kwa sababu kitu hiki kikifumuka ukiwa umekisogelea kinaweza kukuvunja shingo. Aliwafukuza vijana wake. Mama Pacha naye akaambiwa asimame kule, nyuma ya nguzo.

Dakika kumi zilipokwisha, Waya alifungua bolti mbili za nyuma ya usukani huku uso ameugeuzia pembeni, mikono imenyooka, kama mtu anayemnyoa simba. Kifuniko cha katikati hakikutoka. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Akapitisha bisibisi nyembamba, akakivuta taratibu, kikaachia.

Hakukuwa na mlipuko. Kilichotoka ni matambara, yakamwangukia Waya mapajani.

Mzee aliyatazama, kisha akacheka kidogo kwa aibu ya mtu aliyejikinga dhidi ya matambara. Alimwita Mama Pacha asogee. Hapa ndipo puto linapokaa, alimwonyesha, na puto halipo. Gari hili liligonga zamani, puto likafumuka, likakatwa, likatupwa. Tundu likajazwa ili kifuniko kisibonyee mkono ukipita. Na hiki hapa, alisema, akiinua kwa kucha kijidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kimechomelewa kwenye nyaya mbili, ndicho kilichokuwa kinaiambia kompyuta kwamba puto lipo. Kimeachia upande mmoja. Labda usukani ulivutwavutwa.

"Niliushonea kava," Mama Pacha alisema.

"Basi ndiyo hivyo. Kilichokatika ni uongo, gari hujaliharibu."

Lakini Mama Pacha alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa ameinama kwenye mapaja ya mzee akiyapekua yale matambara. Yalikuwa ya zambarau. Mwanzoni mwa mwaka alishona sare sitini za shule ya wasichana, zambarau hiyohiyo, na usiku mmoja kwa uchovu akakata mikono miwili ya kushoto kwa sare moja. Alilia siku ile, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimepimwa cha kutosha tu na ilibidi anunue kingine kwa fedha yake. Ule mkono uliozidi ulikuwa hapa. Aliuvuta kutoka kwenye tundu la usukani, ukatoka mzima, na kwenye pindo la bega kulikuwa na mshono wake wa kushikizia, uzi mweupe, mrefu mrefu, ambao hakuna mwingine mtaani aliyeushona hivyo.

Waya alimwuliza kama kuna tatizo. Mama Pacha alisema hapana. Aliukunja ule mkono mara nne, akauweka kwenye mkoba.

Aliuliza puto jipya ni kiasi gani. Waya alimtajia la kwenye duka, kisha lililotolewa kwenye gari bovu, pamoja na kompyuta yake ambayo nayo hubadilishwa. La bei nafuu lilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mitano. Aliuliza na kukichomelea tena kile kijidude ni kiasi gani. Waya alisema kazi hiyo huwa anaombwa, na huwa inamkosesha hamu ya kula. Halafu akataja: bei ya kilo mbili za nyama.

*

Mama Pacha alimkuta Sukari kwenye yadi yake ya magari, amekaa kivulini kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari fulani, anakula karanga. Magari yalikuwa yamepangwa mstari, yamepakwa mafuta kwenye matairi, na kila moja lina karatasi kwenye kioo inayosema halijawahi kupata ajali. Aliposikia hatua alisimama na tabasamu la kazi, akaona ni dada yake, akalipunguza.

Mama Pacha hakusalimia. Alitoa mkono wa sare kwenye mkoba, akamwekea juu ya karanga zake.

Sukari aliuangalia. Hakukana, na hilo lilimuuma dada yake kuliko kama angekana. Alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti, akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Gari lilikuja hivyo. Kila gari pale limekuja na lake. Yeye angewauzia watu baki angepata zaidi. Aliwauzia wao kwa sababu injini yake ni nzima, na injini ndiyo gari. Mambo mengine ni mapambo.

"Mume wangu anakaa mbele ya matambara," Mama Pacha alisema. "Kila siku."

"Dada, puto linatoka siku ya ajali. Wewe unamwombea ajali mumeo?"

"Jumapili ulikaa kwangu ukacheka."

"Sasa ulitaka nilie?"

Mama Pacha alimwambia amrudishie fedha. Sukari alikung'uta maganda ya karanga kutoka kwenye suruali, taratibu, moja moja, na alipozungumza tena sukari yote ilikuwa imekwisha mdomoni.

"Jicho la mama unafikiri lilifunguliwa na nini? Mlichanga nyinyi? Nilikupigia simu ukasema fedha yote imeingia kwenye gari. Haya. Imeingia kwenye gari, ikatoka kwenye gari, ikaingia kwenye jicho. Nenda kamwambie daktari alizibe tena, akurudishie."

Mama Pacha alisimama pale. Mama yao alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho mwezi wa tatu, na wiki iliyopita tu alikuwa amempigia simu akicheka kama msichana, kwamba ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Wateja waliingia yadi, mwanamume na mkewe, wameshikana mikono. Sukari aliurudisha mkono wa sare ndani ya mkoba wa dada yake, akaufunga zipu kabisa, na alipogeuka tabasamu lilikuwa limesharudi mahali pake.

*

Mama Pacha alimwambia mumewe saa kumi na mbili jioni hiyo, wasichana wakiwa nje wanaruka kamba. Alimwambia yote, na mkono wa sare aliuweka mezani kama ushahidi. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili: kwamba atamfuata Sukari kwa ngumi na itabidi amzuie, au atakaa chini ashike kichwa na itabidi amwinue. Kwa siri, ndani kabisa, alikuwa amejiandaa na la tatu pia, dogo, kwamba labda atamwambia pole.

Baba Pacha alisikiliza hadi mwisho. Aliugeuza ule mkono, akautazama ndani na nje.

"Waya anaweza kuizima?" aliuliza.

"Anaweza."

"Itazimika moja kwa moja? Mkaguzi akiwasha?"

"Itawaka sekunde chache kama gari zima, halafu itazimika."

Aliitikia kwa kichwa. Alisema hospitalini wamevipokea vyeti vyake, na karani alimwita mzee, kwa heshima, si kwa kejeli. Alisema magari matano yameshapatikana, imebaki nafasi moja. Alisema akipata kazi hiyo, baada ya miezi sita au saba, watanunua puto la kweli, hilo liwe jambo la kwanza kabisa. Alisema mkanda upo, na mkanda unashika. Alisema mengi, yote kwa sauti ya chini na ya haraka, na mkewe alielewa kwamba si yeye anayeambiwa.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Sisi, Waya, na yeye."

"Basi isiende mbele zaidi. Kaka akisikia kwamba shemeji yangu amenivisha kilemba cha namna hii, nitaweka wapi uso?"

"Na wakiuliza taa iliwaka kwa nini?"

Wasichana nje walikuwa wanahesabu miruko, thelathini na moja, thelathini na mbili. Baba Pacha aliisukuma ile zambarau kidogo kuelekea upande wa mkewe.

"Si wameshajua," alisema. "Waache na wanachokijua."

*

Alhamisi Mama Pacha alikwenda kwa Waya akiwa na kitu ndani ya mfuko. Mzee alikuwa ameshachomelea kile kijidude, safari hii kwa nguvu, na alikuwa anataka kurudisha matambara na kufunga. Mama Pacha alimwomba asubiri.

Kilichokuwa kwenye mfuko kilikuwa mto mdogo wa duara. Alikuwa ameushona Jumatano nzima, wateja wakisubiri. Ndani sponji ngumu, juu yake pamba, juu yake sponji laini, juu yake pamba tena, vyote vimepigwa mishono ya kukatizana, karibu karibu, mistari imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, na ukingoni mshono wa mara mbili. Kitambaa kilikuwa cha kijivu, kilichobaki kwenye makava. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna mteja ambaye angeiona.

Waya aliupokea kwa mikono miwili. Aliubonyeza.

"Mama Pacha," alisema, "hiki hakitamsaidia. Nikwambie ukweli. Gari likigonga ni kama hakipo."

"Najua."

"Sasa?"

"Kama ni lazima akae mbele ya matambara yangu, yakae vizuri. Funga, baba."

Mto uliingia kwenye tundu sawasawa, bila kulazimishwa. Mama Pacha alikuwa amelikadiria kwa macho tu ile Jumanne. Waya alifunga bolti mbili, akarudisha waya wa betri, akamwita aje awashe mwenyewe. Mtu wa kwenye taa alitokea na tikiti lake kifuani, akakaa sekunde sita, akaondoka. Fedha ya kazi Waya aliikataa. Alisema awapelekee watoto nyama.

*

Ijumaa mkaguzi alitumia kalamu ya bluu.

Baba Pacha alirudi na nyama, soda na karatasi yenye muhuri. Aliwabeba wasichana wote wawili kwa mpigo, mgongo ukalia, akacheka. Kisha akachukua simu, na Mama Pacha, ambaye alikuwa anakata vitunguu, akamsikia anasema, "Shemeji! Tumepita!" Akamsikia anacheka, ananyamaza, anacheka tena. Akamsikia anasema ndiyo, dada yako tumempiga marufuku kulisogelea gari, hata kulifuta vumbi. Vitunguu vilikuwa vikali siku hiyo. Hakuna aliyemwuliza macho yamefanya nini.

Jumapili walikuja tena wote, kupongeza. Kaka mkubwa alikaa kwenye kiti kile, akaomba asimuliwe upya kisa cha spana, maana alikuwa amewasimulia watu kazini na wengine hawakuamini. Baba Pacha alisimulia. Sasa kilikuwa kimeongezwa: kiti kilikuwa kimewekwa vifungo, plagi ilikuwa imetiwa kwenye mashine ikashonwa. Sukari alicheka mahali panapostahili, ila mapema kidogo kila mara.

Juu ya cherehani, kwenye msumari wa kutundikia rula, ulining'inia mkono mmoja wa sare ya zambarau. Kaka mkubwa ndiye aliyeuona. Alimwuliza shemeji yake huo mkono mmoja ni wa nani, kuna mtoto wa shule aliyezaliwa nusu?

Mama Pacha alikuwa anakusanya vikombe.

"Niliukata vibaya," alisema. "Kosa langu. Nautunza pale nisilisahau."

Kaka mkubwa alicheka akasema hapo sasa, mwanamke mwenye akili hujua makosa yake. Baba Pacha aliangalia kiganja chake. Sukari aliinama akafunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa, na alipotoka alipitia mlango wa mbele moja kwa moja. Hakuomba mfuko wa vitambaa.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri Baba Pacha alikuwa tayari, shati jeupe, beji ya hospitali kifuani. Wauguzi wanne walikuwa wanamsubiri mitaa tofauti. Mama Pacha alitoka naye mpaka kwenye gari, khanga mabegani, akasimama upande wa dirisha. Taa ikawaka. Ikazima. Baba Pacha alimtazama, akafungua kinywa, na kwa muda mfupi ilionekana kama kuna kitu anataka kusema ambacho alikuwa amekisogeza mpaka kwenye meno. Akavuta mkanda, akaufunga.

"Si imezima?" alisema. "Sasa sura hiyo ya nini?"

"Endesha polepole."

"Siku zote naendesha polepole."

"Leo zaidi."

Akapigapiga katikati ya usukani kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayempongeza mnyama wake, akaondoka. Usukani ulikuwa laini kuliko zamani. Aliuhisi huo ulaini, akadhani ni kava.

Mama Pacha alirudi ndani, akakaa kwenye mashine. Alikuwa na blauzi kumi na mbili za kumaliza, zimeshakatwa, uzi umeshatungwa, mguu upo kwenye pedali. Akaweka mikono mapajani. Saa moja na dakika tano simu ikalia. Mumewe alisema amefika, wauguzi wote salama. Ndipo akaanza kushona.

Wateja wake wa asubuhi wamezoea sasa. Wanafika wanamkuta amekaa mbele ya cherehani na macho yake kwenye simu, na hata mtu awe na haraka kiasi gani, hashoni mpaka ilie.